Mtumbwi usio na nyuma: safari ya proa kutoka Tinian hadi meza ya fundi wa nyumbani

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kompyuta kando tuende baharini. Msihofu, ni teknolojia vilevile. Tena ni kisa cha kitu ambacho waandishi wa programu tunakijua vizuri: wenye kazi wameondoka, kilichobaki ni mchoro mmoja, na mtu mwingine mbali kabisa anajaribu kukijenga upya chombo asichowahi kukiona kikienda.

Kila aliyewahi kufika Vanga, Malindi au Zanzibar ameona ngalawa, ule mtumbwi wa gogo wenye matengo mawili, moja kila upande, ya kuuzuia usipinduke. Sasa fikiria umeng'oa tengo moja ukalitupa. Lililobaki lisogeze mbali zaidi na mtumbwi, kisha uweke sharti kwamba siku zote litakaa upande wa goshini, yaani kule upepo unakotoka. Hapo umepata proa. Neno lenyewe limetoka kwa Kimalay, perahu, ambalo ni chombo cha baharini tu, lakini watu wa matanga siku hizi wakisema proa wanakusudia hasa vyombo vya visiwa vya Micronesia huko Pasifiki: Mariana, Caroline na Marshall.

Utauliza: mbona usiwe na matengo mawili, uwe salama? Tatizo ni kwamba tengo la upande wa demani linasukumwa ndani ya maji kila upepo unapoongezeka, na likizama linavuta. Linakupa usalama kwa kukunyang'anya mwendo. Tengo la goshini linafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Lenyewe linategemea uzito wake, kama mtu anayekaa ukingoni mwa mashua ili isilale. Upepo ukizidi linainuka, linagusa maji kidogo tu au haligusi kabisa, na mabaharia wanasogea juu ya miti inayoliunganisha na mtumbwi ili kuongeza uzito. Kwa sababu ya kasi yake Wazungu waliita chombo hiki proa inayoruka.

Sasa njoo kwenye shida. Ngalawa ikienda bisho, unageuza omo, upepo unahamia ubavu wa pili, mchezo umekwisha. Proa ikifanya hivyo tengo litajikuta demani, nalo ni dogo, halikuundwa kubeba mzigo huo, litazama. Watu wa Micronesia walilimaliza jambo hili kwa namna ambayo mimi kila nikiifikiria nacheka kwa furaha: chombo hakigeuki. Kinasimama, ile pembe ya chini ya tanga inabebwa kutoka ncha moja mpaka ncha nyingine, kasia la usukani nalo linahamishwa, halafu chombo kinaanza kwenda kinyumenyume. Omo imekuwa tezi na tezi imekuwa omo. Vyombo vyetu mbavu mbili zinafanana, omo na tezi hazifanani. Proa ni kinyume chake: ncha mbili ni pacha, mbavu mbili ni tofauti.

Mtu wa Ulaya wa kwanza kuandika habari zake ni Antonio Pigafetta, aliyekuwa katika msafara wa Magellan. Walifika Guam tarehe 6 Machi 1521 wakiwa hoi kwa njaa. Pigafetta aliona mara moja kwamba vyombo vya wenyeji, Wachamorro, havina tofauti kati ya mbele na nyuma, na kwamba vina kasi ya ajabu. Magellan mwanzoni alivipa visiwa hivyo jina la matanga. Kisha Wachamorro wakachukua mashua yake ndogo, naye akashuka pwani na watu wenye silaha, akachoma nyumba na mitumbwi, akaua watu saba. Jina lililobaki kwenye ramani kwa muda mrefu likawa Visiwa vya Wezi.

Mwaka 1686 alipita William Dampier, Mwingereza, haramia lakini mtu wa kupenda vipimo. Yeye hakuridhika kusema "inakimbia sana". Alichukua kamba ya kupimia mwendo, yenye mafundo 12, pamoja na ile glasi ya mchanga ya nusu dakika, akapanda proa. (Ndipo lilipotoka neno noti, si zile za benki: noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, karibu kilomita 1.85.) Kamba yote 12 ilikwisha kabla mchanga haujafika nusu. Kwa lugha yetu, kaunta ilijaa. Dampier akakadiria maili 24 kwa saa. Mimi nina shaka na hiyo 24, maana ni hesabu ya kamba iliyokwisha na wala si kipimo kamili, lakini kwamba ilipita 12 kwa mbali hakuna sababu ya kubisha. Meli aliyokuja nayo isingeota mwendo huo.

Mchoro

Mwisho wa Agosti 1742 meli ya kivita ya Uingereza, Centurion, chini ya George Anson, iliingia Tinian, kisiwa kingine cha Mariana. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye na waliobaki walikuwa wagonjwa. Kisiwa kilikuwa na ng'ombe tele, matunda, maji safi, na hakikuwa na wakazi. Aliyekuwepo ni sajenti mmoja wa Kihispania na Wachamorro wachache waliokuja kuwinda ng'ombe kwa ajili ya kambi ya Guam.

Kwa nini kisiwa kizuri hivyo kilikuwa kitupu? Wamisionari wa Kihispania walikuja kukaa Mariana mwaka 1668, vikafuata vita vya miaka mingi, maradhi mageni, na mwisho amri ya kuwahamisha Wachamorro wa visiwa vya kaskazini kwenda Guam wakae katika vijiji vinavyoweza kusimamiwa. Watu ambao kila kisiwa kilikuwa mlango wa kisiwa kingine walifungiwa mahali pamoja. Proa kubwa za safari za mbali, zinazoitwa sakman, zilikosa kazi. Watu wasiposafiri hawaundi vyombo, na wasipounda, mafundi wanazeeka bila wanafunzi. Baada ya muda Mariana ilikuwa haina sakman hata moja.

Basi Waingereza walikamata proa ya wale wawindaji, wakaifungua kipande kwa kipande, na Peircy Brett, ofisa wa Centurion, akaichora: kwa ubavu, kwa juu na kwa mbele. Mchoro ulichapishwa mwaka 1748 katika kitabu cha safari ya Anson. Maelezo yake ni ya mtu aliyeshika kitu mkononi. Upande wa demani wa mtumbwi ni bapa, wa goshini umebinuka. Mtumbwi umeundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa urefu na kushonwa kwa magome ya mti, hakuna msumari hata mmoja. Unene ni karibu inchi mbili chini na unapungua hadi chini ya inchi moja juu. (Kushonwa! Mtu wa Lamu akisoma hapo lazima aukumbuke mtepe, nao ulishonwa kwa kamba za mnazi bila chuma.)

Ni mchoro mzuri mno. Pia ni mchoro wa chombo kilichonyang'anywa, uliochorwa na jeshi moja la kigeni, katika kisiwa kilichomalizwa watu na jeshi jingine la kigeni, na ndiyo hati bora tuliyo nayo ya kazi ya mafundi wale. Majina yao hayamo. Kitabu kinaeleza kwa mistari michache jinsi ya kubadilisha omo na tezi, lakini kwa mistari michache tu. Mti gani unafaa, unakatwa lini, unafanya nini upepo ukiruka ghafla upande wa pili usiku, hayo hayapo.

Coconut Grove, 1898

Miaka 150 baadaye mchoro huo ukapata mtu. Ralph Munroe alikuwa mbunifu wa mashua aliyeishi Coconut Grove, Florida, kwenye ghuba ya Biscayne yenye maji ya kina kifupi. Mwaka 1898 aliunda proa ya futi 30 akiufuata mchoro wa Anson, akaandika habari zake katika jarida la The Rudder. Hakuiga kila kitu. Alitumia mbao za kawaida badala ya gogo la kuchongwa. Alichobakiza ni wazo lenyewe: mwili mwembamba mno, tengo goshini, ncha mbili pacha.

Kwa makadirio yake ilifika noti 18. Ili uone ukubwa wa jambo hilo, kuna hesabu ya mabaharia: chombo cha kawaida kinachosukuma maji hufungwa na wimbi lake chenyewe, na kikomo chake kwa noti ni karibu mara 1.34 ya kipeuo cha pili cha urefu wake kwenye maji kwa futi. Kwa futi 30 unapata noti 7 na kidogo. Munroe alieleza jinsi chombo chake kilivyopanda juu ya maji na kuteleza, jambo ambalo mwaka 1898 watu wachache sana duniani walikuwa wamelihisi chini ya miguu yao. Makadirio ya mwenye mashua huwa na chumvi, tunajua. Hata ukiondoa theluthi nzima, bado amepita kikomo mbali.

Kuanzia hapo proa ikawa ugonjwa wa mafundi wa nyumbani. Mwaka 1955 daktari John Morwood alianzisha nchini Uingereza chama cha watafiti wa mashua wasio wa kulipwa, na machapisho yao yalijaa matengo, matanga ya ajabu, na vyombo vidogo vya mfano vilivyojaribiwa bwawani. Sababu ni rahisi. Modeli ya nusu mita unaiunda jikoni kwa mbao laini na gundi, na ikizama umepoteza Jumamosi moja.

Modeli inasema kweli gani?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana wengi huanza na modeli na wengi hudanganywa nayo.

Aliyefanya modeli za vyombo kuwa sayansi ni William Froude, mhandisi Mwingereza. Katika miaka ya 1860 aliunda jozi za modeli za futi 3, 6 na 12, akaziita Swan na Raven, moja ya ncha butu na nyingine ya ncha kali, akazivuta majini. Akagundua kwamba ipi ni bora inategemea mwendo, na kwamba modeli ndogo na kubwa hutoa mawimbi ya sura moja pale tu miendo yao inapolingana na kipeuo cha pili cha urefu. Mwaka 1872 alikuwa na tangi lake Torquay, akichonga modeli za nta, kwa fedha za jeshi la majini.

Sasa tumia kanuni hiyo kwenye proa yako. Unataka kuunda ya mita 9 yenye uzito wa kilo 300, ukaanza na modeli ya moja kwa kumi. Urefu ni sentimita 90, sawa. Uzito hautakuwa kilo 30, utakuwa gramu 300, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa 10, na 10 mara tatu ni 1,000. Tanga limepungua mara 100 tu. Umeiona hatari? Katika upepo uleule, nguvu ya tanga ya kuipindua modeli imepungua mara 1,000 (eneo mara 100, kimo mara 10), lakini nguvu ya tengo ya kuizuia imepungua mara 10,000 (uzito mara 1,000, umbali mara 10). Modeli yako ni dhaifu mara kumi kuliko chombo chenyewe. Ukiipeleka ufukweni katika upepo wa kawaida wa noti 15, kwake hiyo ni dhoruba ya noti 47. Itapinduka, na wewe utarudi nyumbani ukiamini ubunifu wako ni mbovu, kumbe ulikosea saa ya kutoka tu. Toka alfajiri, upepo wa noti 4 au 5.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Ukichoka kuona modeli ikipinduka, unairefusha miti ya tengo au unafunga kipande cha risasi huko nje. Modeli sasa inatulia. Ukija kuunda kubwa kwa vipimo hivyohivyo, miti inabeba mzigo ambao mti wa modeli haukuwahi kuujua, maana vitu vidogo siku zote vina nguvu kupita ukubwa wake. Sisimizi hubeba mzigo mzito kuliko yeye, lakini ndovu hawezi kubeba ndovu mwenzake.

Kitu kimoja modeli inasema kweli, nacho ni mizani ya mwelekeo. Tengo likiwa majini linavuta upande wa goshini, kwa hiyo omo inataka kuelekea upepo. Tengo likiinuka mvuto unapotea na omo inakwenda zake upande wa pili. Yaani tabia ya usukani inabadilika kila upepo unapovuma kwa nguvu au kulegea. Hili huwezi kulisoma kwenye karatasi ukalielewa. Modeli ya gramu 300 inakuonyesha kwa dakika tano: sogeza mlingoti kidogo, laza tanga kidogo, achia tena.

Visiwa vya Marshall

Jambo ambalo Munroe na wenzake hawakulijua ni kwamba kulikuwa na watu waliokuwa na modeli za proa siku zote. Katika Visiwa vya Marshall kuna kijimtumbwi cha mfano kinachoitwa riwut, chenye tengo lake na tanga lake. Watoto hucheza nacho, na watu wazima hushindana nacho katika maji tulivu yaliyozungukwa na miamba. Hakina nahodha. Ukishakiachia kimekwenda, kwa hiyo tanga, mlingoti na uzito lazima viwe vimepangwa ili kishike njia chenyewe. Mtoto anayeshinda kwa riwut tayari ameijua ile mizani niliyoieleza hapo juu, bila Froude.

Na huko pia chombo kikubwa kilikaribia kupotea. Walitawaliwa na Wajerumani, kisha Wajapani, kisha Wamarekani, ambao kati ya 1946 na 1958 walilipua mabomu 67 ya nyuklia Bikini na Enewetak na kuwahamisha watu wa huko. Boti za injini zikafanya yaliyobaki. Mwaka 1989 ulianza mradi wa kupima na kuandika miundo ya mitumbwi ya visiwa mbalimbali wakiwa bado wako wazee wa kuuliza. Leo kazi hiyo inaendelea chini ya jina Waan Aelõñ in Majel, na vijana wanafundishwa useremala kwa kuunda mitumbwi hiyo.

Bahari ndiyo inayosahihisha

Mafundi wa nyumbani wa Magharibi nao walijifunza, mara nyingi kwa kupinduka. Dick Newick, akiwa kisiwa cha St. Croix, aliunda Cheers, futi 40, kwa ajili ya mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mwaka 1968. Yeye aligeuza mambo: kilichokaa demani ni mwili mwepesi wa kuelea, na uzito wote ukawa goshini. Katika majaribio ilipinduka. Wakaongeza uvimbe wa mbao ubavuni ili isilale kabisa tena. Tom Follett akavuka nayo kwa siku 27 na kushika nafasi ya tatu, mbele ya meli nyingi zilizogharimu fedha nyingi kuliko yake.

Russell Brown, Mmarekani aliyeanza kuunda proa akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1970, alirudi kwenye mpango wa Micronesia, tengo goshini, ila akatokeza kibanda upande wa demani. Kibanda kinampa nahodha mahali pa kulala, na chombo kikilazwa na upepo, kibanda kinagusa maji na kukizuia. Proa yake Jzerro ndiyo Ryan Finn aliyoiendesha peke yake mwaka 2022 kutoka New York hadi San Francisco kupitia Cape Horn.

Kwa asiye na ndoto za Cape Horn, Gary Dierking wa New Zealand alitoa kitabu cha kujiundia mitumbwi ya matengo, na mmoja wao, Wa'apa, ni wa plaiwudi: mbao zinatobolewa kingo, zinashonwa kwa waya, kisha maungio yanafunikwa kwa epoksi na kitambaa cha faiba. Watu huusifu ushonaji huu kama uvumbuzi wa miaka ya 1960. Mafundi wa mtepe wangetabasamu.

Turudi kwa Wachamorro. Mwaka 2011 wale wanaoishi San Diego, California, walikamilisha sakman ya futi 47 wakifuata mchoro wa Brett, inchi kwa inchi. Mwili waliupata katika karatasi ya 1748. Lakini kuna ile sekunde ambayo chombo kimesimama, pembe ya tanga iko mabegani mwa watu wawili wanaokimbia kuelekea ncha ya pili, na hakuna anayeshika usukani. Ilibidi Wachamorro waitafute kwa majirani zao wa Visiwa vya Caroline, Puluwat na Satawal, ambao hawakuacha kusafiri hata siku moja. Huko walimu ni mababu, na darasa ni mtumbwi wenyewe, ukiwa majini.